Futi Tatu na Nusu

Alikuja na futikamba, yule bwana wa kampuni,
viatu vyake havijawahi kukutana na tope la Ilemi.
Akapima ukuta wa kibanda cha mama Subilaga
kutoka chini kwenda juu, akatia alama ya chaki:
futi tatu na nusu.
"Nembo ikae hapa, fundi. Isipande zaidi."

Nikacheka. Nikamwambia mvutaji ni mtu mzima,
shingo yake iko huku juu, atainama mpaka lini?
Naye akacheka, akanipa bahasha.
Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ikalia,
wakamiminika wenye masweta ya kijani,
na kila jicho lililopita
lilipita usawa wa ile chaki.

Niliona. Nisijitie upofu leo.
Lakini Juni ilikuwa imeingia, baridi inang'ata masikio,
na harusi hazikuhitaji tena mkono wangu
tangu zije mashine za kuchapa mabango.
Nikakoroga rangi.

Nyekundu kwanza, nikairudia.
Kisha dhahabu.
Wao walitaka pakiti tu na neno KILELE.
Mlima niliuongeza mimi, kwa uchu wa ufundi:
Loleza alfajiri, ukungu kiunoni,
uzi wa jua mgongoni.
Ngazi ikateleza, brashi ikaruka,
ikaacha nundu upande wa kushoto
ambayo Mungu hakuiweka.
Nikaiacha. Nani angehesabu?

Chini yake nikaandika maneno waliyonitumia kwa simu:
BARIDI HII SI YA WATOTO.
Aliyeyatunga aliwajua watoto kuliko mwalimu wao.
Maana ni mtoto gani, akishafika darasa la saba,
anataka baridi imwite mtoto?

Jumamosi likaja gari la muziki,
likagawa kofia nyekundu mpaka zikaisha.
Mama Subilaga akaletewa kopo la kioo, bure,
akaliweka kati ya jojo na pipi za kijiti:
sigara moja moja, bei ya andazi.
Akasema biashara imechangamka.
Akasema fundi, mkono wako una baraka.

Mjomba wangu yuko Chunya, mwaka wa thelathini huu
anatundika tumbaku kwenye bani, anachochea kuni usiku,
na hajawahi kuiweka mdomoni hata kwa utani.
Nilimuuliza sababu.
Akanusa viganja vyake, akanipa ninuse.
Huko jani halina mlima.
Huko ni jani, na kikohozi, na deni la mbolea.

Mwaka jana waliambiwa wafute jina.
Wakanituma mimi mwenyewe, bahasha nyingine.
Nikafuta KILELE, nikafuta pakiti,
nyekundu ikabaki, dhahabu ikabaki,
na mlima, kwa kuwa nani atakataza mlima?
Watoto wanapita, wanausoma vilevile.

Januari hii mama mmoja kaniletea mwanawe,
Ambakisye, miaka kumi na mitano,
shule imemshinda, au yeye kaishinda,
anataka ujuzi wa brashi.
Vidole vyake viwili vina rangi ya chai iliyolala.
Anakohoa kwa adabu, akigeukia pembeni.

Nikampa ubao na chaki. "Chora chochote."
Nilitegemea ng'ombe, au gari, au bendera.
Akachuchumaa.
Mkono haukutafuta njia, ulikuwa unaijua:
ukungu kiunoni,
uzi wa jua mgongoni,
na kushoto, bila kusita,
nundu yangu.

"Nini hiki?"
"Loleza, fundi."
"Geuka basi uutazame. Uko nyuma yako."

Akageuka.
Mvua ilikuwa imekatika, mlima uko wazi wote,
mpaka nyufa zake.
Akautazama kwa muda mrefu, jicho moja kalifinya
kama apimaye ukuta.
Kisha akaurudia ubao wake, ametulia.

"Ule," akasema, "umekosewa."